Kuhesabu mayai ya kasa Msimbati: jibu kwa mdogo wangu wa mwaka wa tatu

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa sayansi ya bahari anaweza kufanya utafiti wa kasa huku Mtwara na papo hapo akafundisha shule ya msingi, na aanzie wapi. Inawezekana. Mimi nilifanya yote mawili Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Habari za kibali na barua kwa mtendaji wa kijiji utaelekezwa ofisini. Anza mapema tu.

Kikubwa ni mtu wa kutembea naye usiku. Mimi wiki ya kwanza nilitembea peke yangu na kurunzi kali, nikaambulia mburuzo mchangani na kasa mwenyewe keshaondoka. Kasa jike akiona mwanga wakati bado anapanda pwani, hugeuka akarudi majini. Mzee mmoja aliyetega jarife, wavu wa matundu makubwa, miaka mingi ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, zima taa, kaa chini ya miti ya mivinje, sikiliza." Utasikia mchanga unavyorushwa kabla hujamwona.

Mwanzoni wanakijiji watakudhani umetumwa na doria. Eneo hili limevuliwa samaki kwa baruti miaka mingi, na watu wameshikwa. Daftari lako liache wazi, anayetaka kusoma asome. Majina ya wenye nyavu usiyaandike kabisa, hiyo si kazi yako.

Sasa nikueleze kosa langu. Asubuhi moja nilikuta kiota kimewekwa chini, mahali ambapo maji ya bamvua, yanapojaa kupita kawaida, yangekifikia. Nikayatia mayai kwenye ndoo, yakabiringika, nikayafukia juu zaidi. Watoto wa shule wakawa wanahesabu siku ubaoni. Ikapita miezi miwili na ushee, hakikutoka kitoto hata kimoja. Saa chache baada ya yai kutagwa, kiinitete, yaani kitoto kinachoanza kukua, hujishika kwenye utando wa ndani ya ganda. Ukiligeuza yai baada ya hapo, kinakufa. Kiota kikihitaji kuhamishwa, kihamishwe usiku uleule, na upande wa juu wa yai ubaki juu. Niliwaeleza watoto hivyo hivyo, kwamba ni mimi niliyeyaua. Bado linaniuma.

Na hapo ndipo walipoanza kunisikiliza. Kabla ya siku ile nilikuwa nachora maisha ya kasa ubaoni, wanakili, kengele inalia. Kiota kingine tulikiacha mahali pake. Vitoto vilipotoka tulisubiri siku tatu, tukakifukua pamoja kwa mikono. Maganda matupu huku, yasiyoanguliwa kule. Kasa wa kijani hutaga mayai 100 na zaidi kwa mara moja, kwa hiyo kuhesabu kulichukua asubuhi nzima, na kundi moja lilirudia hesabu mara tatu bila kuambiwa. Sijapata somo jingine lililowashika namna ile.

Tulikuwa na kipimajoto. Joto la kiota ndilo linaloamua jinsia: likiwa karibu nyuzi 29 hutoka madume na majike, likizidi sana wanatoka majike watupu. Tulipopima, mchanga wa kivulini na wa juani vikapishana sana. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mivinje yote ikikatwa, madume watatoka wapi?" Swali hilo halikuwa kwenye andiko langu la utafiti. Nililiingiza, na msimamizi wangu alikubali.

Kabla hujaondoka, soma matokeo kwa Kiswahili pale pale mwaloni, jioni, wavuvi wakiwa wanashona nyavu. Wazee walinisahihisha mambo mawili, na yote walikuwa sahihi.

Ukija masika, ambapo ndipo kasa wa kijani wanapanda kwa wingi, beba penseli. Wino hauvumilii maji ya chumvi.