Nikikosa sala ya alfajiri, Mungu hunipa kisogo?

SWALI: Shikamoo Mama. Huamka saa kumi alfajiri kusali, na Ijumaa hufunga. Juzi mtoto aliugua homa, nikapitiwa na usingizi siku 3 mfululizo. Sasa nahisi Mungu yuko mbali, nimeongeza siku za kufunga ili anirudie. Nifanyeje?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Nilipokuwa na watoto wadogo niliweka daftari la sala. Siku niliyokosa, naichora msalaba kwa kalamu nyekundu. Jumapili yenye misalaba mingi niliona haya kwenda kwenye Meza ya Bwana, nikabaki kwenye benchi huku njaa ya roho ikinila.

Fungua Luka sura ya 3. Yesu anabatizwa, na sauti kutoka mbinguni inamwita Mwana mpendwa. Tazama mpangilio wake: hapo hajafunga zile siku 40, hajaponya hata mgonjwa mmoja. Mfungo uko sura ya 4. Aliingia jangwani akiwa amekwisha kupendwa, na mjaribu alianzia hapohapo: “Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu.” Mwanangu, hapo ndipo na wewe umeguswa.

Siku ulizoongeza ziache. Ijumaa yako endelea nayo, lakini kama mtu anayekwenda kumwona baba yake, si mdaiwa anayepeleka rejesho. Kesho alfajiri usianze kwa kuomba radhi. Mshukuru kwa homa iliyoshuka, kisha kaa kimya mbele zake. Ukisinzia, sinzia.