Maswali ya Wasomaji: Splita Haigawi Kasi, Inagawa Nguvu ya Mawimbi

Swali

Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Ninaishi Columbus, Ohio, pamoja na mume wangu na watoto watatu. Intaneti yetu huingia kwa kebo ya koaksia, ule waya mnene unaoleta pia televisheni. Tulipohamia katika nyumba hii tulikuta splita, kile kifaa cha kugawa kebo moja iwe kadhaa, ya njia nne katika chumba cha chini. Tunatumia njia mbili tu, ya sebuleni na ya chumbani kwetu. Ya korido na ya chumba cha watoto hazina kitu. Mwaka jana shemeji yangu aliongeza splita nyingine ya njia mbili nyuma ya televisheni ya sebuleni, ili modemu na dikoda kila kimoja kipate tundu lake. Tangu hapo, ninapozungumza kwa video na mama yangu aliyeko Kigoma, mimi ninamwona vizuri lakini yeye huniambia kwamba sura yangu inaganda na sauti inakatika, hasa alasiri za joto. Niliambiwa kwamba splita hukata kasi nusu kwa nusu, lakini kila nikipima ninapata karibu kasi yote tunayoilipia. Ukurasa wa modemu unaonyesha hivi: kupokea −11.5 dBmV, uwiano wa mawimbi na kelele 32 dB, kutuma 50.5 dBmV. Namba hizi zina maana gani, na je, ninunue kikuza mawimbi?

Jibu

Ndugu msomaji, ninakushukuru kwa kuleta namba badala ya kueleza tu kwamba intaneti inasumbua, kwa sababu namba hizo tatu zinatosha kuonyesha tatizo lilipo. Kikuza mawimbi usinunue. Nitaeleza sababu, lakini kwanza tuiweke sawa hiyo habari ya nusu kwa nusu.

Splita haitumii umeme wala haina akili yoyote ndani yake. Ukiifungua utakuta vipande vidogo vya feraiti, kauri yenye oksidi ya chuma, vilivyozungushiwa nyaya nyembamba, na kazi yao ni kuyapokea mawimbi yanayoingia na kuyagawa katika mafungu yaliyo sawa. Splita ya njia mbili hupeleka nusu ya nguvu kila upande, na nusu ya nguvu kwa lugha ya mafundi ni upungufu wa desibeli (dB) 3. Ongeza kiasi kidogo kinachopotea njiani kama joto, unapata desibeli 3.5. Splita ya njia nne kwa kawaida ni splita za njia mbili zilizounganishwa ndani ya kisanduku kimoja, kwa hiyo kila tundu lake hupungukiwa na desibeli 7. Tundu lisilo na kitu nalo linachukua fungu lake, kama sahani iliyopakuliwa kwa ajili ya mgeni ambaye hakuja, na kwako sahani za namna hiyo ni mbili.

Desibeli hujumlishwa. Mawimbi yanayofika kwenye modemu yako yamepita splita ya njia nne, kisha ya njia mbili, yaani 7 na 3.5, jumla 10.5. Kwa hesabu ya nguvu, modemu inapokea karibu sehemu moja kati ya kumi na moja ya kile kinachoingia nyumbani.

Kwa nini basi kasi haikupungua mara kumi na moja? Fikiria mtu anayesoma barua kwa mwanga wa kibatari kinachofifia. Maadamu anaziona herufi, anasoma kwa mwendo uleule, iwe mwanga ni mkali au hafifu. Lakini mwanga ukifika mahali ambapo *b* na *d* zinafanana, anaanza kurudia mistari, na mwanga ukipungua kidogo tena, hasomi kabisa. Modemu iko hivyo. Katika mtindo wa upokeaji unaotumika zaidi kwenye mitandao ya DOCSIS 3.0, yaani toleo mojawapo la kanuni za intaneti ya kebo, kila alama inayopokelewa ni moja kati ya 256 zinazowezekana, nayo hubeba biti 8, na modemu ikiweza kuzitofautisha alama hizo inapata data yote. Ndiyo maana kipimo cha kasi kilikuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Sasa tuzitazame namba zako. Kipimo cha dBmV huanzia kwenye milivolti moja katika waya wa ohmu 75, na hicho ndicho sifuri. Alama ya kutoa maana yake ni chini ya milivolti moja, haimaanishi kwamba mawimbi hayapo. Modemu za DOCSIS 3.0 zimetengenezwa kupokea kati ya −15 na +15, lakini mafundi wengi hupenda zibaki karibu na kati ya −7 na +7. Wewe uko −11.5, mahali ambapo kelele za modemu yenyewe zinaanza kuhesabika, na uwiano wa 32 dB uko chini kidogo ya ule wa 33 ambao mafundi huutaka. Upokeaji wako umedhoofika, ingawa bado unafanya kazi.

Ugonjwa wenyewe uko upande wa kutuma, na upande huo watu wengi si kwamba wanausahau tu, bali hawajui kwamba upo. Splita inayopunguza mawimbi yanayokuja huyapunguza vilevile yanayokwenda. Mtambo mkuu wa kampuni unataka kuzisikia modemu zote za mtaa kwa kiwango kilekile, kwa hiyo modemu iliyo nyuma ya splita nyingi huamriwa kupaza sauti zaidi. Yako imeamriwa ifike 50.5, na modemu nyingi za DOCSIS 3.0 zinapotuma kwa chaneli nne kwa pamoja hufikia kikomo karibu na 51. Haina tena nafasi ya kupanda. Alasiri ya joto inapofika, kebo iliyoko nje hupoteza mawimbi zaidi kuliko asubuhi, kiasi cha karibu asilimia 1 ya upotevu wake kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selisiasi zinazoongezeka. Hicho ni kiasi kidogo ambacho nyumba yenye akiba haikihisi. Wewe huna akiba. Modemu inapaza sauti yote iliyo nayo, mtambo hausikii vizuri, na sura yako haimfikii mama hali ya kwake inakufikia. Fungua daftari la matukio la modemu, kwa kawaida kwenye anwani 192.168.100.1, na sitashangaa ukikuta mistari mingi iliyoandikwa T3, maana yake modemu iliita ikasubiri na haikujibiwa.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili. Ichukue modemu uipeleke chumba cha chini, uiunganishe moja kwa moja na kebo inayoingia kutoka nje bila splita yoyote, uiache iwake nusu saa, kisha usome namba tena. Kwa hesabu yangu utaona kupokea karibu na −1 na kutuma karibu na 40, pengine vizuri zaidi kidogo kwa kuwa umeondoa pia waya wa ndani ya kuta. Zikiwa hivyo, kosa ni la mpangilio wa ndani. Zikibaki mbaya, kosa liko nje, na hapo ni haki yako kuiita kampuni ukiwa na namba mkononi mwako.

Ninavyoona, splita zote mbili ziondolewe, iwekwe moja ya njia tatu ya aina isiyogawa sawa, ambayo imeandikwa 3.5 kwenye tundu moja na 7 kwenye mengine mawili. Lile la 3.5 liende kwenye waya wa korido, na modemu ihamie huko. Mawili ya 7 yaende kwenye dikoda ya sebuleni na ya chumbani. Modemu itapokea karibu −4.5 na kutuma karibu 43.5, na dikoda ya sebuleni nayo itapata nafuu ya desibeli 3.5. Korido ikiwa katikati ya nyumba, Wi-Fi itawafikia watoto vizuri zaidi pia.

Kikuza mawimbi ningekikubali katika nyumba yenye televisheni nyingi, na hata hapo modemu huwekwa kabla yake. Kikiwekwa nyuma ya splita zako kitakuza mawimbi pamoja na kelele zilizokwisha kuingia, na vya zamani vingi havipitishi mawimbi ya kurudi kabisa, kwa hiyo ungepoteza hata hicho kidogo ulicho nacho.

Jambo moja ninalolisisitiza kila mara: kaza viunganishi. Kizungushe kwa vidole mpaka kikatae, kisha kidogo tu kwa spana ya milimita 11. Niliwahi kuitwa nyumbani kwa jirani aliyebadilisha modemu mbili bure. Kiunganishi nyuma ya kabati kilikuwa kinazunguka chenyewe kama kifuniko cha chupa, na uzi wa katikati ulikuwa umeota kutu ya kijani. Mahali palipolegea huingiza kelele za nje, na kwa kuwa mawimbi ya kurudi ya nyumba nyingi hukusanyika katika waya mmoja, kelele za nyumba yako huwasumbua majirani wasiokujua. Tundu lisilotumika lizibwe kwa kofia ya ohmu 75. Waya wa ethi uliofungwa mahali kebo inapoingilia nyumbani usiuguse.

Swali

Bwana Mhariri, sisi tuko Nairobi, na ploti yetu bado inatumia kebo ya koaksia. Splita ya zamani iliharibika kwa maji ya mvua nikanunua mpya dukani, inayong'aa, imeandikwa 47–862 MHz. Televisheni inaonyesha vizuri sana. Modemu taa ya kwanza inatulia, ya pili inapepesa usiku kucha na intaneti haiji. Muuzaji anasema splita ni nzima.

Jibu

Muuzaji amesema kweli, splita ni nzima, ila umeuziwa ya antena ya televisheni. Tazama tena maandishi yake: inaanzia megahezi 47. Mawimbi yanayokuja kwako yako juu ya hapo, ndiyo maana televisheni ni safi na taa ya kwanza, ya kupokea, imetulia. Mawimbi ambayo modemu inayarudisha husafiri chini kabisa, kwa desturi kati ya megahezi 5 na 42 katika mitandao ya mtindo wa Marekani, au 5 na 65 katika ile ya mtindo wa Ulaya, na splita hiyo haikutengenezwa kuyapitisha yote. Modemu yako inasikia kila kitu na haisikiki, nayo itaita hivyo hadi asubuhi. Tafuta iliyoandikwa kuanzia 5 hadi 1000 au 1002 MHz. Ile ya dishi ya setilaiti, inayoanzia 950, ni mbaya zaidi, kwa maana itaizima hata televisheni ya kebo. Na kwa kuwa ya kwanza iliuawa na mvua, hii mpya ifungwe ndani ya kisanduku, matundu yakitazama chini, ili maji yasitulie kwenye viunganishi.

Swali

Fundi alikuja hapa Leicester akaondoa splita yetu, na sasa modemu inapokea +14 dBmV na kutuma 34. Je, kadiri inavyozidi ndivyo inavyokuwa bora?

Jibu

Hapana. Mawimbi makali mno huielemea sehemu ya upokeaji ya modemu, na makosa huanza kuonekana kama yale ya mawimbi dhaifu. +14 imekaribia mno kikomo cha +15. Mwombe fundi akuwekee kipunguza mawimbi cha desibeli 6 au 10 nyuma ya modemu. Kikiwa cha aina inayopunguza pande zote mbili, cha 10 kitakuletea karibu +4 kwenye kupokea na 44 kwenye kutuma, na huko kutuma bado utakuwa na nafasi ya kutosha.