Shahada ya miezi 6: nilipe?

Swali: Asalaam aleikum, wahariri. Ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga. Nina kidato cha nne na astashahada ya ugavi. Nimeona tangazo la chuo cha Marekani: shahada ya utawala wa biashara kwa miezi 6, dola 900, kidato cha sita hakihitajiki, eti uzoefu wangu wa miaka 7 unahesabiwa kuwa masomo. Baba mdogo yuko tayari kunikopesha. Nilipe?
*Msomaji, Ngamiani*

Jibu: Waaleikum salaam. Usilipe, na baba mdogo mwambie azishike hizo fedha kwanza.

Piga hesabu. Hapa nchini shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kusoma, mazoezi na mitihani. Jumla saa 3,600. Zigawe kwa siku 180: saa 20 kila siku, Ijumaa na Idi zikiwemo, na hapo hujalala wala hujaenda kazini. Kinachouzwa hapo ni karatasi.

Kusoma kwa intaneti si kosa. Western Governors University ya Marekani, iliyoanzishwa 1997, hufundisha mtandaoni, na mwanafunzi mwepesi humaliza mapema kwa kuwa hufanya mtihani anapokuwa tayari. Lakini mtihani anaufanya. Chuo kinachokupa shahada nzima kwa uzoefu tu kimbia.

Ukitaka kukikagua chuo, litafute jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, kwenye orodha ya vyuo vyenye ithibati ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Usifuate kiungo walichokutumia: wauza vyeti huunda hata bodi zao za ithibati, zenye tovuti na mihuri ya kupendeza. Kisha waulize maswali ya transkripti, yaani karatasi ya masomo na alama zako. Wakikuuliza unataka alama gani, au tarehe ya kuhitimu iwe ya mwaka upi, umeshapata jibu.

Ulizia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla ya kulipa, siyo baada. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaka aliyesoma nje awe na vyeti vilivyohakikiwa na mamlaka husika. Mwajiri binafsi anaweza kupitiwa siku ya usaili, lakini uhakiki haupitwi na wakati. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wengine walishatumikia miaka mingi.

Kwa kazi yako hiyo, kuna cheti kinachokupandisha upesi kuliko shahada yoyote ya haraka: kile cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, kinachofundishwa na Chuo cha Kodi. Anza nacho. Shahada ukiitaka, unganisha astashahada yako na stashahada, utoke na wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0, ndipo uombe chuo kikuu. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Tanga, na unasoma ukiwa kazini. Ni miaka, ndiyo, lakini hakuna atakayekuja kukuvua cheti hicho.

Swali: Nina kozi 3 za intaneti za wiki 8 kila moja, mojawapo ya Excel. Niziandike kwenye wasifu?
*Msomaji, Pangani*

Jibu: Ziandike, ila chini ya "Mafunzo", siyo "Elimu", na utaje idadi ya saa na mwezi uliomaliza. Usiite stashahada hata kama cheti chenyewe kimeandikwa "diploma". Hapa hilo ni daraja rasmi, na ofisa utumishi atadhani unamdanganya. Ukishaandika Excel, jiandae kuwekewa kompyuta mbele yako na orodha ya mauzo ya mistari 200, uambiwe ujumlishe kwa mwezi na kwa bidhaa. Wengi hukwama pale tarehe zilipoingizwa kama maneno, programu ikashindwa kuzipanga. Fanya zoezi hilo nyumbani mara kadhaa, video ya somo ikiwa imezimwa.