Moyo uliovimba bado si jibu: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya samaki pundamilia

Juzi asubuhi mdogo wetu mmoja alituita sote kwenye hadubini. Viinitete vyake vya saa 48 vilikuwa na kichwa kidogo, mkia umepinda, na moyo umezungukwa na mfuko wa maji. Macho yanamng'aa: "Jeni ya moyo hii!" Nilimpongeza kwa mikono yake, maana kudunga mayai mia mbili kabla seli ya kwanza haijagawanyika, na una dakika arobaini tu na kitu, si mchezo. Lakini picha ile naifahamu vizuri. Ilinila miaka miwili. Na kwa kuwa yeye ni wa tatu mwaka huu kuniita kwa picha hiyo hiyo, nimeona niandike.

1. Maji kuzunguka moyo ni kilio cha kiinitete kilichoumia. Dozi ikizidi, kinavimba. Sindano ikichafuka, kinavimba. Uzuri wa samaki huyu ndio mtego wenyewe: siku zake za mwanzo anapata oksijeni moja kwa moja kutoka kwenye maji kupitia ngozi, kwa hiyo anaweza kuishi siku kadhaa hata damu isipozunguka. Kiinitete cha panya mwenye moyo wa namna hiyo kingeshakufa. Wa kwetu anabaki hai, anatazamika, na wewe unapata muda wa kujitungia hadithi.

2. Hadithi yangu ni hii. Nilikuwa nafuatilia protini moja ambayo kasoro yake kwa binadamu ilikuwa ikihusishwa na udhaifu wa msuli wa moyo. Nikadunga mofolino, molekuli inayozuia jeni isitengeneze protini yake. Kwa nanogramu 4, si kitu. Kwa 8, mioyo ikavimba vizuri kabisa, nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba dozi inaongea. Ulinganisho wangu ulikuwa mayai ya wazazi hao hao ambayo hayajadungwa. Sasa sikilizeni nilichokuwa nafanya kila asubuhi. Sahani ya ulinganisho nilikuwa nainyonya maiti zote kwa pipeti na kuibadilishia maji, kwa sababu sahani chafu inaniudhi. Sahani ya waliodungwa nilikuwa siigusi mpaka jioni, kwa sababu waliokufa humo nilitaka kuwahesabu kama matokeo. Yai lililokufa linageuka jeupe, mchana linamumunyuka, maji yanakuwa kama ya kuoshea mchele. Waliobaki hai, themanini kwenye sahani moja, walikuwa wamelala kwenye uozo wa wenzao kutwa nzima. Mimi nikija na kamera naona "fenotaipu", yaani sifa inayoonekana ya jeni iliyozuiwa.

Baadaye tukapata mutanti, samaki ambao jeni hiyo imevunjwa, kwa CRISPR, mkasi wa kukata jeni. Nikapandisha wazazi wenye nakala moja nzima na moja iliyovunjika, nikangoja robo ya watoto waugue. Watoto 96, mioyo yote inadunda sawasawa. Nilipima jenotaipu, yaani nakala zipi za jeni kila mmoja anazo, mara tatu nikidhani nimechanganya mirija. Mwaka 2015 ulikuwa umeleta habari kwamba mutanti wanaweza kufidia jeni iliyovunjika kwa kupandisha jeni nyingine za ukoo wake. Ni jambo la kweli, limethibitishwa. Mimi nikalifanya maficho. Miezi mitano nikawa natafuta jeni inayofidia.

Dada mmoja mwandamizi akaniuliza swali moja: "Hiyo mofolino umewahi kuidunga kwa hao mutanti wenyewe?" Sikuwahi. Protini ikiwa haipo, mofolino haina cha kuzuia. Na kama kweli wanafidia, hawatakiwi kuugua. Nikadunga. Yeye akabandika sahani herufi bila kuniambia ipi ni ipi, nikahesabu, jioni akafungua daftari lake mezani. Safu mbili, mutanti na ndugu zao wazima. Waliovimba walikuwa karibu idadi ile ile. Mofolino yangu ilikuwa inaumiza kitu kingine kabisa. Nilisoma safu zile mpaka taa za chumba cha matanki zikazimika zenyewe, saa 14 za mwanga zilikuwa zimeisha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwanafunzi aliyenifuata alikuwa ameshaanza tasnifu yake juu ya mioyo yangu. Nilimwambia kesho yake, ana kwa ana. Alilia, nami nikalia.

3. Haya mengine haraka. PTU, dawa ya kuzuia rangi ya ngozi, iingie kabla ya saa 24, rangi ikishatokea umechelewa. Kujua umri wa kiinitete, hesabu pingili za mwili wake, usihesabu saa, maana nyuzi 28.5 za kwenye karatasi si lazima ziwe za kwenye inkubeta. Trikaini, dawa ya usingizi, hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo pima wote baada ya dakika zile zile. Karibu asilimia 70 ya jeni zetu zina mwenzake kwa samaki huyu, lakini mababu zake walirudufu jenomu nzima, basi angalia kama jeni yako ina nakala a na b. Mutanti akionekana mzima siku ya kwanza, kumbuka mama yake aliacha mRNA, maelekezo ya kutengenezea protini, ndani ya yai.

4. Okoa kabla hujatangaza: rudisha jeni iliyokosekana uone kama kasoro inaondoka. Mfano ninaoupenda ni samaki wa golden, wenye rangi hafifu kwa kukosa slc24a5: mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba mRNA ya binadamu ya jeni hiyo, ikidungwa kwenye mayai yao, inarudisha rangi. Ukiwa na mabadiliko uliyoyakuta kwa mgonjwa, dunga mRNA ya mtu asiye mgonjwa upande huu na ya mgonjwa upande ule. Ila kwanza idunge peke yake kwa viinitete visivyo na kasoro, mRNA nayo ikizidi inaumiza.

Huyu mdogo wetu leo amerudia kazi yake. Sahani nne, viinitete hamsini kila moja, zote zimesafishwa saa moja ile ile, zimebandikwa K, L, M na N. Ufunguo wa herufi uko kwenye droo yangu. Ameshaniomba mara mbili nimwambie tu kama L ni ya mutanti. Sijamwambia. Anahesabu kesho saa nne.