Kabla ya Kununua Dawa, Wajue Panzi wa Uani Kwako

Miaka michache iliyopita, mvua za masika zilipokuwa zikielekea kwisha, niliingia uani kwangu Likoni nikakuta majani ya mchicha na kunde yametobolewa kama chekeche, na panzi wakirukaruka kila nilipotia mguu. Nilikwenda kwenye duka la pembejeo, muuzaji akanipa dawa kali bila hata kuniuliza mdudu mwenyewe ni yupi, nami nikapulizia kila kitu, mpaka ukoka ulioota kando ya ukuta. Panzi walikufa kweli. Wiki tatu baadaye kunde zangu zikajaa vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaofyonza utomvu, hadi mashina yakawa kama yamepakwa masizi, na sikumwona hata mmoja wa wale mbawakawa wekundu wenye madoa meusi ambao kwa kawaida huwala. Nilikuwa nimewaua walinzi wangu pamoja na wezi. Tangu hapo kila jirani anayeniuliza humwambia akae kwanza na wadudu wake msimu mmoja, awajue, ndipo aamue kama anahitaji dawa.

Namna ya kuwajua si ngumu. Chagua kipande kidogo, hata cha hatua 2 kwa 2, uache majani yake yaote bila kufyekwa, kisha ukitembelee alfajiri kabla jua halijapanda. Panzi hupata joto la mwili wake kutoka nje, kwa hiyo saa hiyo huwa mzito, na unaweza kumsogelea hadi ukahesabu miiba ya miguu yake ya nyuma. Tandaza kitambaa cheupe chini ya kichaka, kitikise mara mbili tatu, na uangalie kilichoanguka. Tazama vipapasio kwanza: panzi hasa ana vipapasio vifupi, ilhali senene na nyenje wana vipapasio vyembamba kama uzi, mara nyingi virefu kuliko mwili wenyewe. Ukishaijua tofauti hiyo, nyingine zitafuata. Panzi wengi wanaolia husugua paja la nyuma kwenye bawa, na masikio yao yako ubavuni mwa tumbo, lakini senene na nyenje husugua bawa kwa bawa, na masikio yao yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Jamaa hii nzima ina spishi zaidi ya 25,000 duniani, na mimi katika kipande changu nimekwisha kuona sura kumi na moja tofauti, ambazo nimezichora kwenye daftari la mwanangu.

Mmoja wao ni yule panzi wa rangi nyingi anayekaa kwenye muhogo na kutembea polepole kana kwamba hamwogopi mtu. Rangi zake ni onyo, kwa kuwa mwilini mwake huhifadhi sumu anayoipata kwenye mimea anayokula, na ndege wengi humwacha. Huyu hahitaji dawa. Wanapokuwa wadogo hukusanyika kundi zima kwenye mmea mmoja, nawe ukiwawahi asubuhi unaweza kuwakung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei nilikaa kwenye kigoda nikamtazama panzi jike akitaga. Alipinda ncha ya tumbo akaisukuma ardhini kati ya matuta mawili ya mchicha, na tumbo likazidi kurefuka ndani ya udongo, hadi sehemu laini zinazounganisha pingili zikawa zinaonekana nyeupe. Alikaa hivyo karibu nusu saa. Mayai hutagwa ndani ya povu, nalo likikauka huwa kama kifuko kinachoyalinda. Karibu na hapo, juu ya ua la kunde, alikuwepo mbawakawa mweusi mwenye mabaka ya njano, yule ambaye ukimponda hutoa majimaji yanayobabua ngozi. Miaka yote nilikuwa nikimuua kwa sababu anakula maua, na ni kweli anakula, lakini lava, yaani watoto wachanga, wa wengi katika jamaa yake hufukua udongo na kuishi kwa kula mayai ya panzi. Sasa namwachia maua yake.

Najua wengi wakiona panzi kumi pamoja hukumbuka nzige walioingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019. Nzige wa jangwani ni spishi moja, ambaye akisongamana na wenzake hubadilika rangi na tabia na kuanza kusafiri kwa makundi. Panzi wengi wa uani hawafanyi hivyo, na wapo hata wasioweza kuruka angani kabisa, kama wale wa jenasi ya Parepistaurus wanaoishi katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Panzi wa namna hiyo msitu wake ukikatwa hana mabawa ya kumpeleka kwingine, na ndiyo maana nahuzunika ninaposikia kaya fulani, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, imemegwa kwa ajili ya viwanja.

Ikiwa baada ya msimu wa kuchunguza bado mboga zako zinaliwa kupita kiasi, tumia mkilifi, ambao bara huitwa mwarobaini, maana hapa Mombasa haukosekani. Twanga mbegu zake, ziloweke usiku kucha, uchuje, na utie sabuni kidogo. Dawa hii humzuia mdudu mchanga asijivue ngozi sawasawa, kwa hiyo hufaa zaidi panzi wakiwa bado tunutu wasio na mabawa. Pulizia mboga peke yake, jioni, nyuki wakishaondoka mauani, na kile kipande cha majani ulichokiacha usikiguse.