Mlango wa mfuatano au bandari ya mfululizo?

SWALI: Ninafundisha kuandika programu kwa Python hapa Bukavu, na wanafunzi wangu wanaunganisha mizani ya kielektroniki na kompyuta. Je, «port série» niiite bandari ya mfululizo, na «parité» niiite usawa?

JIBU: Neno bandari, mwalimu, halifai hapa, ingawa ninaelewa lilikotoka. Kifaransa huandika «port» kwa mahali pa kutia nanga na kwa tundu la kompyuta vilevile, lakini maana hii ya pili imetoka katika Kiingereza, ambako asili yake ni neno la Kilatini «porta», yaani lango, wala si «portus», yaani bandari. Mwanafunzi wa Bukavu akisikia bandari, huona meli za Goma zikipakia mizigo ziwani Kivu. Akisikia mlango, anaelewa mara moja kwa nini programu huufungua, huutumia, kisha huufunga.

Mfululizo nao ningeuacha. Tukisema mvua imenyesha siku tatu mfululizo, tunamaanisha kwamba hakuna siku iliyokosa mvua. Katika waya unaounganisha mizani na kompyuta, biti, yaani tarakimu za 0 na 1 zinazobeba data, hupita moja baada ya nyingine, kila herufi ikitanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na biti ya kikomo, lakini kati ya herufi na herufi waya unaweza kutulia kwa muda wowote. Huo ni mfuatano.

Usawa ndio unaonisumbua zaidi, kwa kuwa mwanafunzi atatafuta vitu viwili vinavyolingana na hataviona. Kinachokaguliwa ni kama idadi ya biti zenye thamani ya 1 ni shufwa au witiri, na maneno hayo mawili tunayo tayari katika hesabu. Sema basi ukaguzi wa shufwa, ukaguzi wa witiri, au bila ukaguzi.

Baudi, kipimo cha kasi ya kutuma ishara kwenye waya, libaki lilivyo, kwani limetokana na jina la Émile Baudot, mhandisi Mfaransa wa telegrafu aliyepata hataza ya msimbo wake mwaka 1874.

Ubaoni ningeandika hivi: «Fungua mlango wa mfuatano kwa kasi ya baudi 9600, biti 8 za data, bila ukaguzi, biti 1 ya kikomo.» Mizani nayo iwekewe mipangilio hiyo hiyo, kwa sababu kasi za pande mbili zikitofautiana, skrini huonyesha alama zisizosomeka badala ya kilo.