Barua kwa Bibi Nesi: Daktari, Clarice na mlo wa mwisho

Toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza ni riwaya gani ya kutisha niliyoisoma nikairudia. Nikajibu kwa sentensi moja: *Hannibal* ya Thomas Harris, ya mwaka 1999. Kumbe nimechokoza nyuki. Wapo walioniandikia kunipa mkono, na wapo wanaouliza kama nimeanza kuzeeka vibaya.

Kwa ambao hawajaisoma: Dk. Hannibal Lecter ni bingwa wa magonjwa ya akili, mpenzi wa muziki wa Bach, mvinyo na michoro ya kale, na anakula watu. Katika *The Silence of the Lambs* ya mwaka 1988 yumo kifungoni, anamsaidia Clarice Starling, mwanafunzi wa upelelezi wa FBI, kumnasa muuaji mwingine, kisha anatoroka. *Hannibal* inaanza miaka saba baadaye. Daktari anaishi Florence, Italia, kwa jina la bandia. Clarice amechafuliwa jina kazini baada ya msako ulioishia kwa risasi. Na tajiri mmoja, Mason Verger, ambaye daktari alimharibu uso, anamtafuta kwa pesa zake zote. Asiyependa kuambiwa mwisho afungue ukurasa mwingine, maana barua hizi karibu zote ni za mwisho.

Bibi Nesi, shikamoo. Clarice wa kitabu cha kwanza nilimpenda kama binti yangu. Amefiwa na baba akiwa mdogo, amejisomesha, anasimama imara mbele ya wanaume wanaomdharau. Halafu mwandishi anamchukua binti huyo, anamtia madawa, anamketisha mezani ale ubongo wa mtu aliye hai, mwisho anaishi na muuaji kama mke na mume. Nilimpa jirani kitabu bila kumwambia kitu. Hivi mwandishi alituchoka? – Mwalimu mstaafu, Tanga

Marahaba, Mwalimu. Jirani umemwonea.

Hukuwa peke yako. Mwaka ule kilipotoka, Stephen King, bingwa wa riwaya za kutisha, alikisifia sana katika gazeti la New York Times. Mwandishi Mwingereza Martin Amis, aliyekuwa akizipenda riwaya za Harris zilizotangulia, alikichana vipande vipande. Filamu ilipotengenezwa, Jodie Foster, aliyepata Oscar kwa kuwa Clarice, hakurudi, na Jonathan Demme aliyeongoza ile ya kwanza naye akakaa pembeni.

Ila naomba urudie zile sura za mwisho kwa macho ya wodini. Nimefanya kazi na wagonjwa wa akili mpaka nimestaafu, nazisoma kama ninavyosoma faili la mgonjwa. Mgonjwa ni mwanamke mwenye jeraha, yuko nyumba asiyoijua. Anayemtibu hana kibali cha kutibu hata mbuzi. Anamdunga sindano, anamlaza kwa maneno ya kumpumbaza, na kuna siku anamwingiza chumba kilicholazwa mifupa ya baba yake iliyofukuliwa kaburini. Baada ya hapo anavalishwa gauni la jioni na kukaribishwa chakula. Mtu wa hivyo akitabasamu na kusema asante, nesi yeyote mwenye akili timamu haandiki kwenye faili kwamba amekubali. Anaita polisi.

Unaloliita kuwa mke na mume mimi naliita kutekwa. Harris ameliandika kwa lugha ya harusi, mishumaa, fedha na muziki, na hakuna mahali anapotushika sikio kutuambia ni ubaya. Wengi walipokasirika walidhani anashangilia. Mimi naona ametuandalia meza ileile aliyomwandalia Clarice, atazame nani atakaa. Jambo moja linanisumbua bado: anaandika kuwa dawa zilikwishaacha kutumika zamani katika maisha yao. Wanaokipenda kitabu huishika sentensi hiyo kuthibitisha kuwa Clarice ni huru. Kwangu mimi ndiyo sentensi inayoninyima usingizi.

Na tusiwasahau waliotangulia kumvunja. Paul Krendler wa Wizara ya Sheria, yule ambaye ubongo wake ulikuja kuliwa mezani, alimtega kwa miaka kwa sababu tu Clarice hakumkubali, na ofisi ikatazama. Daktari alipomgusa, kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika.

Bibi, mimi nilianza na ile tamthilia ya Mads Mikkelsen, ndipo nikatafuta vitabu. Kwangu *Hannibal* ndiyo bora kuliko vyote. Lecter ana elimu, anapika, anavaa, na anaua wakosa adabu tu. Wanaolalamika wazoee hadithi za sungura. Kwa nini tusimkubali? – Kijana wa Mwanza

Mjukuu wangu, taratibu. Tamthilia ile ya 2013 hadi 2015 ni nzuri kwa macho, na yule bwana anapendeza hata akikata kitunguu. Lakini hilo la wakosa adabu tu ni porojo la daktari mwenyewe, umelimeza bila kutafuna.

Tuhesabu waliokufa. Mpiga filimbi wa okestra ya Baltimore alikuwa anaharibu muziki. Akachinjwa, na bodi ya okestra ikalishwa. Tuseme huyo alikosea noti. Wale askari wawili wa Memphis, aliowaua akitoroka, walikuwa wanampelekea chakula cha jioni. Mmoja akabanduliwa uso. Na wahudumu wa ambulensi, waliokuwa wanamkimbiza hospitali wakidhani ni askari aliyejeruhiwa, walimkosea adabu gani? Yule mtalii aliyeuawa kwa ajili ya nguo na pesa mfukoni? Mimi nimepanda ambulensi usiku na wagonjwa nisiowajua, kwa hiyo hapo huwezi kunishawishi.

Ukitaka kujua kwa nini umeona anaua wabaya tu, angalia *Hannibal* inavyomtengenezea maadui. Mason Verger ni mtesaji wa watoto, anafuga nguruwe Sardinia wafundishwe kula mtu mzima mzima. Inspekta Pazzi anaificha siri ya daktari ili auze kichwa chake. Krendler nimeshamtaja. Weka muuaji katikati ya watu kama hao, msomaji ataanza kumwombea dua apone. Ni ufundi, naupigia makofi, lakini ni mtego.

Sasa nikupe kosa la kweli la kitabu, ambalo mashabiki hamlisemi. Katika *The Silence of the Lambs* daktari anakataa katakata kuelezwa kwa yaliyompata utotoni. Hakuna kilichomfanya hivyo. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikaenda kuhakikisha mlango una komeo. Halafu katika *Hannibal* tunaletewa Mischa, dada yake mdogo, aliyeliwa na wanajeshi watoro wenye njaa kule Lithuania mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Naumia kwa mtoto, ndiyo. Ila ghafla lile giza limepewa cheti cha daktari. Mwaka 2006 Harris akaandika kitabu kizima cha huo utoto, *Hannibal Rising*, na hicho sikirudii.

Wapelelezi wa riwaya zetu, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, waliingia kila riwaya na kutoka walivyo. Hakuna aliyesimama kutueleza nani aliwakosea wakiwa wadogo. Sisi tuliolelewa na vitabu hivyo tumezoea mhusika asiyetolewa maelezo.

Bibi Nesi, mimi na mume wangu tumenuniana. Yeye anasema mwisho daktari anajikata mkono na kutoroka. Mimi nasema anaondoka na Clarice. Nani mkweli? – Mama wa Nairobi

Nyote. Yeye ameona filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2001, wewe umesoma kitabu. Kwenye filamu Clarice, aliyeigizwa na Julianne Moore, anamfunga pingu moja yeye na nyingine daktari. Shoka linapoinuka, daktari anajikata mwenyewe. Margot, dada yake Mason, ameondolewa kabisa, na ndiye mhusika niliyemtaka zaidi. Mpikie mzee chai, muendelee.

Je, haya yalitokea? Nimeambiwa yule muuaji wa Florence alikuwepo kweli. – Msomaji, Zanzibar

Lecter hakuwepo, ila alikuwa na chimbuko. Harris akiwa mwandishi wa habari kijana alikwenda gereza la Monterrey, Mexico, kumhoji mfungwa. Akakutana na daktari aliyekuwa amemtibu mfungwa huyo, mtu mpole, mtanashati, mwenye maswali ya ndani kuhusu mateso na sura ya mtu. Akadhani ni mwajiriwa wa gereza. Baadaye akaambiwa naye ni mfungwa, kwa kosa la kuua. Harris alisimulia hayo mwaka 2013, *The Silence of the Lambs* ilipotimiza miaka 25, akimwita Dk. Salazar, jina alilomtungia.

Florence ndiyo yenye mengi. Kati ya 1968 na 1985 watu 16 waliuawa wawili wawili kuzunguka mji huo, wengi wao wapenzi walioegesha magari vichakani usiku. Waitaliano walimwita muuaji Il Mostro. Mkulima mmoja, Pietro Pacciani, alihukumiwa mwaka 1994, rufaa ikamwachia 1996, akafa 1998 kesi ikitakiwa kuanza upya. Harris alikaa mahakamani kuisikiliza ile ya kwanza, na katika riwaya inspekta Pazzi ndiye aliyepata sifa kwa kesi hiyo kisha akafedheheka ilipoanguka.

Jina Pazzi nalo si la kuokota. Mwaka 1478 ukoo wa Pazzi ulikula njama kuwaua ndugu wawili wa Medici, waliokuwa wakitawala Florence, ndani ya kanisa kuu. Giuliano alikufa, Lorenzo akaponea chupuchupu, na Francesco de' Pazzi akatundikwa dirishani pa jumba linaloitwa leo Palazzo Vecchio. Harris anamweka daktari humohumo atoe mhadhara kwa wasomi juu ya mshairi Dante, wasaliti na kunyongwa, inspekta akiwa mmoja wa wasikilizaji. Anasikiliza hukumu yake na hajui. Hata wanaokichukia kitabu, nimewaona wakikiri kuwa sehemu ya Florence haina mfano.

Binti yangu wa miaka 15 anakitaka. Nimpe? – Baba, Morogoro

Hapana, kaka.

Bibi, nakala yangu nimeinunua mtumba, kurasa za mwisho zimenyofoka. Imeishia wamekaa mezani na yule Krendler. Nina haja ya kutafuta zilizobaki? – Fundi cherehani, Dodoma

Unayo, tena kubwa, kwa sababu zilizonyofoka ndizo zinazomaliza habari ya Barney.

Barney ni mhudumu wa wodi. Miaka yote ya kifungo ndiye aliyempelekea daktari chakula na kumfunga kamba, na hakuumwa hata kidole, kwa kuwa alikuwa na heshima na kila siku alifuata utaratibu bila kuruka hatua. Nimefanya kazi na akina Barney. Hawajui kuhutubia, lakini wakisema usiingie chumba kile, usiingie.

Kwenye kurasa ulizokosa, Barney amepata pesa, anazunguka dunia na mpenzi wake akitaka kuona kila mchoro wa Vermeer, yule mchoraji wa kale wa Uholanzi, kabla hajafa. Amefika Buenos Aires, wamekwenda opera pale Teatro Colón. Anainua macho, anawaona Lecter na Clarice wamependeza kama wafalme. Yeye anamjua daktari kuliko msomaji yeyote na alimpenda Clarice kwa dhati. Hasogei kuwasalimu wala hafurahi kuwa wamepata raha. Anamtoa mpenzi wake mjini haraka.

Nakala yangu nitakuazima. Tuma mtu wa kuaminika, na jina lake nitaliandika daftarini.